Kutubu ni Kurudi: Asili ya Neno

Kila Jumatano ya Majivu tunasomewa wito wa nabii Yoeli. Masikio yetu hushika kufunga, kulia na kuomboleza, na kile kitenzi kinachobeba wito wote kinatupita. Kwa Kiebrania ni shuv: kugeuka na kurudi ulikotoka. Hapo mwanzo ni neno la njiani, si la hekaluni. Msafiri hurudi, jeshi hurudi, maji ya bahari hurudi. Katika Agano la Kale limetumika zaidi ya mara 1,000, na mara nyingi hakuna dhambi inayotajwa.

Tazama sura ya kwanza ya Kitabu cha Ruthu, ambamo linaonekana mara 12. Naomi anarudi Bethlehemu. Orpa anarudi kwa watu wake. Lakini mstari wa 22 unasema kwamba Ruthu naye alirudi kutoka Moabu, yeye Mmoabu, mgeni kabisa wa Bethlehemu! Mwandishi amemhesabu kuwa mwenyeji mahali asipopajua. Yeremia naye, katika 3:22, anatumia shina hilohilo kwa uasi wa watu na kwa kurudi kwao.

Waliotafsiri kwa Kigiriki walichagua mara nyingi epistrephein, ambalo bado ni kugeuka. Ugumu ulikuja na mahubiri ya Yohane Mbatizaji katika Mathayo 3:2. Kigiriki chasema metanoein, kubadili nia. Vulgata ikaandika paenitentiam agite, maneno yaliyokuja kusikika kama amri ya kufanya malipizi. Mwaka 1519 Erasmus aliweka resipiscite, kurudiwa na akili. Ugomvi uliofuata haukuwa wa wanasarufi peke yao, kwa maana ulihusu jambo analoombwa mkosefu: alipe, au arudi?

Kiswahili chetu kina shida kama hiyo. Mtu hurudi nyumbani, na mzazi humrudi mtoto kwa fimbo. Naona tukiingia katika kitubio tunaisikia mno maana hii ya pili.

Lakini tubu tuliipokea kwa Kiarabu, nacho, kadiri ya wataalamu, kiliipata katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana Yesu; na tub ya Kiaramu ni ndugu wa damu wa shuv. Shina hilo lina tawi lingine la Kiarabu chenyewe, lililotupatia thawabu: kile kinachomrudia mtu.