Kifaduro: Bakteria wanabadilika, chanjo iwafuate

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wanawake wawili wa maabara mjini Grand Rapids, Marekani, walikuwa wakimaliza kazi zao za mchana kisha jioni wanapita nyumba hadi nyumba kutafuta watoto wenye kifaduro. Pearl Kendrick na Grace Eldering walimshikia mtoto kisahani mbele ya mdomo. Mtoto akikohoa, matone yalitua juu ya rojo la viazi na damu, na baada ya siku chache bakteria wakaota humo kama vitone vidogo vinavyong'aa.

Rojo hilo lilitokana na kazi ya Jules Bordet na Octave Gengou, ambao mwaka 1906, mjini Brussels, walitangaza kuwa wamewaotesha bakteria wa kifaduro. Bakteria hao leo wanaitwa Bordetella pertussis, kwa heshima ya Bordet. Kendrick na Eldering wakawaua na kuwafanya chanjo, na majaribio yao yaliyoanza 1934 yakathibitisha kuwa chanjo hiyo inakinga. Katika miaka ya 1940 iliunganishwa na chanjo za dondakoo na pepopunda katika sindano moja.

Chanjo hiyo ilikuwa na bakteria mzima aliyeuawa, kwa hiyo mwili wa mtoto ulijifunza kuzitambua protini zake nyingi kwa pamoja. Lakini ilileta homa na uvimbe. Nchini Japani, vifo vya watoto wawili waliokuwa wamechanjwa viliwatia wazazi hofu, na mwaka 1975 chanjo ikasimamishwa kwa muda. Hata iliporudishwa, wengi hawakuwapeleka watoto wao. Mwaka 1979 nchi hiyo ilipata wagonjwa zaidi ya 13,000, na 41 wakafa.

Mtafiti Yuji Sato alitafuta njia nyingine: kuchukua protini chache tu za bakteria na kuzisafisha. Japani ilianza kutumia chanjo hiyo mwaka 1981, na katika miaka ya 1990 nchi nyingi tajiri zikafuata. Homa ilipungua, lakini sasa kinga ilitegemea protini moja hadi tano tu.

Mwaka 1996 kifaduro kililipuka Uholanzi, nchi ambayo karibu watoto wote walikuwa wamechanjwa kwa chanjo ya bakteria mzima. Frits Mooi na wenzake wakalinganisha bakteria wa zamani na wa wakati huo. Waligundua kuwa jeni za sumu ya kifaduro na za pataktini, protini inayomsaidia bakteria kung'ang'ania njia ya hewa, zilikuwa zimetofautiana na zile za bakteria wa kwenye chanjo. Baadaye ilionekana pia aina inayotengeneza sumu nyingi zaidi, ambayo imeenea duniani.

Kisha bakteria wasio na pataktini kabisa wakaonekana Japani, Ufaransa, Marekani na Australia. Kwa baadhi yao, kipande cha vinasaba kilikuwa kimejipenyeza katikati ya jeni na kuivunja; kwa wengine, herufi moja tu ilibadilika. Jeni ileile ilivunjika mara nyingi, kwa njia tofauti. Hilo linaonyesha kuwa pale ambapo pataktini imo katika chanjo, bakteria asiye nayo ana nafuu.

Mabadiliko hayo si sababu pekee ya Marekani kupata wagonjwa zaidi ya 48,000 mwaka 2012, idadi kubwa kuliko zote tangu 1955. Kinga ya chanjo ya protini chache hufifia mapema. Hata hivyo, chanjo zote mbili bado zinawaokoa watoto wachanga na kifo.

Tanzania na Kenya hutumia chanjo ya bakteria mzima, ndani ya sindano ya magonjwa matano. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zinazoitumia ziendelee nayo kwa watoto wachanga, na ushauri huo una mantiki. Lakini bakteria hawasimami. Serikali zetu ziziwezeshe maabara kuwaotesha na kusoma vinasaba vyao, tujue ni aina zipi zinazozunguka kwetu. Nawe mzazi, kamilisha dozi zote tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiruke hata moja.