SPICE: Maabara ya saketi ndani ya tarakilishi

MHANDISI anayeunda redio ya transista chache anaweza kuziunganisha mezani, akawasha umeme na kupima. Anayebuni chipu hana bahati hiyo. Transista zake huchongwa zote pamoja juu ya kipande kimoja cha silikoni, na kosa likigunduliwa baadaye halirekebishwi kwa chuma cha kulehemia. Sharti kazi ya kiwandani ianze upya, tena kwa gharama kubwa.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa SPICE, programu ya tarakilishi inayoiga mwenendo wa saketi kabla haijaundwa. Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Huko, kati ya 1969 na 1970, wanafunzi wa Ronald Rohrer, miongoni mwao Laurence Nagel, waliandika programu waliyoiita CANCER, yaani saratani. Jina hilo lilifupisha maneno yaliyotangaza, pamoja na mengine, kwamba haikushughulikia athari za mnururisho. Lilikuwa dongo: programu nyingi za wakati huo ziligharimiwa na idara za ulinzi zilizotaka kujua iwapo saketi zingestahimili silaha za nyuklia.

Nagel aliendelea na kazi hiyo chini ya Profesa Donald Pederson, na mnamo 1973 SPICE ikatangazwa katika kongamano nchini Canada. Toleo la pili lilifuata 1975. Pederson, aliyefariki 2004, alishikilia kwamba programu hiyo iwe mali ya umma. Uamuzi huo, pengine, ulikuwa na uzito kuliko hesabu zenyewe. Waliohitimu waliibeba hadi viwandani, na vitukuu vyake vingali vinapatikana bila malipo: LTspice, kwa mfano, na ngspice, ambayo tangu 2018 imo ndani ya KiCad, programu ya kuchorea saketi. Mwanafunzi wa Eldoret asiyemudu bei ya osiloskopu anaweza kutazama mawimbi yale yale kwenye kioo cha tarakilishi.

Msingi wake ni kanuni ya Gustav Kirchhoff ya 1845: mkondo unaoingia katika kiungo cha nyaya ni sawa na unaotoka. Kwa kuwa transista haifuati mstari mnyoofu, programu hukisia volteji, hukokotoa, husahihisha, kisha hurudia hadi majibu yatulie. Yakikataa kutulia, husimama na kulalamika.

Hata hivyo, SPICE hujua tu ilichoambiwa. Iambie iunganishe rezista ya omu 100 na umeme wa volti 240. Itajibu bila kusita kwamba mkondo ni ampea 2.4, na joto ni wati 576. Rezista halisi ya robo wati, ile inayouzwa madukani, ingekwisha kufuka moshi.