Majaliwa au Imani ya Kutopona?

Mwaka 2006 Uingereza ilianza kuwapelekea watu wa miaka 60 hadi 69 vifaa vya kupimia saratani ya utumbo mpana, kwa posta, hadi mlangoni. Bahasha ilikuwa na kadi na vijiti: mtu alichukua kinyesi kidogo mara tatu tofauti, akakipaka kwenye kadi, akaituma maabara. Hapakuwa na malipo, wala foleni, wala nauli. Hata hivyo, katika mialiko milioni 2.6 ya mwanzo, wakazi wa maeneo yenye nafuu zaidi waliitika kwa asilimia 61, na wa maeneo maskini kabisa kwa asilimia 35.

Fedha na umbali vikishaondolewa, watafiti hugeukia yaliyomo moyoni. Mwaka 2011 Anne Miles na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya pengo hilo inatokana na kile wanasaikolojia wanachokiita fatalizimu ya saratani. Ukitaka kuisema kwa Kiswahili, neno la kwanza kuja mdomoni ni majaliwa: “imani ya majaliwa”. Nalipinga.

Barbara Powe, muuguzi na mtafiti wa Marekani aliyeishughulikia dhana hii miaka ya 1990 kati ya wazee Weusi, aliipima kwa maswali 15 yanayogusa mambo manne: hofu, kutotarajia jema, kuona kifo hakiepukiki, na kuamini kuwa yote yameshapangwa. Majaliwa ni hilo la mwisho tu. Tena kwetu anayesema “Mungu akijalia” ndiye huyohuyo anayemeza dawa kwa saa na kurudi kliniki tarehe aliyopangiwa. Matokeo anamwachia Mungu, kwenda anakwenda.

Anayebaki nyumbani husema jingine: “Nikipima nikaambiwa ninayo, ndiyo basi tena.” Huyo haongelei kudura. Anaongelea ugonjwa ambao, kwa alivyouona, hauponi. Ndiyo maana napendekeza “imani ya kutopona”.

Na mara nyingi ameuona kweli. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Ndugu aliyemsindikiza mama yake mdogo katika hali hiyo, kisha akarudi kumzika, hana ujinga wa kuondolewa kwa bango. Amejifunza kutokana na huduma iliyochelewa. Mtaa maskini, ambako saratani hugunduliwa kwa kuchelewa, huzalisha mashahidi wengi wa namna hii, na hapo ndipo kutokuwapo kwa usawa kunapojirudia. Tukiandika “majaliwa” katika ripoti, lawama inaiangukia dini ya mtu, na ucheleweshaji unabaki bila kuguswa.

Istilahi ya “imani ya kutopona” inabadilisha pia mazungumzo ya chumba cha kupimia. Katika uchunguzi wa mlango wa kizazi, mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Anachotafuta hasa ni mabadiliko ambayo bado si saratani, na mengi yanaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa. Dodoso lenye swali “Je, unaamini majaliwa?” halimfikishi mwanamke kwenye habari hiyo. Lenye swali “Je, unadhani mtu akikutwa na tatizo mapema anaweza kupona?” linamfungulia mhudumu nafasi ya kumweleza papo hapo.