Kiti cha Mkuu wa Mkoa na Kisa cha Mama Mghwira

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Mwanza kwa barabara lazima apite Singida. Wengi wetu tuishio mijini tunaikumbuka Singida kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Leo nataka kuzungumzia zao jingine la mkoa huo, nalo ni wanasiasa. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 na ule wa 2020, Singida ilitoa mgombea urais wa upinzani. Wa 2020 alikuwa Ndugu Tundu Lissu wa Ikungi, ambaye habari zake hazihitaji mpiga mbiu. Wa 2015 alikuwa Mama Anna Elisha Mghwira, na huyu tumeanza kumsahau. Ndiye nitakayemzungumzia leo.

Mama Mghwira alizaliwa Singida mwaka 1959. Alisoma theolojia, kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2000 akapata shahada ya uzamili ya sheria katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Alikuwa mtu wa kitabu na wa kanisa, aliyezoea kupima maneno kabla ya kuyatoa. Mwaka 2009 alijiunga na CHADEMA. Mwaka 2015 alihamia chama kichanga cha ACT-Wazalendo, akawa mwenyekiti wake wa taifa, na mwaka huohuo akasimama kugombea urais.

Wasikilizaji mtakumbuka joto la uchaguzi ule. Upande mmoja alikuwa Dk. John Magufuli wa CCM, upande wa pili Ndugu Edward Lowassa, aliyeihama CCM na kusimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA. Fahali wawili walipopigana, nani angemwangalia mama wa Singida aliyetembea bila helikopta? Wagombea walikuwa wanane, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Kura zilipohesabiwa, Magufuli alipata 8,882,935, Lowassa 6,072,848, na Mghwira 98,763, yaani asilimia 0.65. Alikuwa wa tatu. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2005, Mama Anna Senkoro, mwanamke wa kwanza kugombea urais wa nchi yetu, hakufikisha hata kura 20,000. Hivyo basi, ingawa wapo waliocheka, hatua ilikuwa imepigwa.

Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi. Mwanzoni mwa Juni 2017, Rais Magufuli alimteua Mama Mghwira kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Mwenyekiti wa chama cha upinzani, aliyeshindana na Rais miezi ishirini tu iliyopita, leo anakuwa mwakilishi wa Rais huyohuyo mkoani! Huku mitaani maneno yakawa mengi. Waliompenda walisema Rais ameonyesha ukomavu. Waliomchukia walisema mama amenunuliwa. Wenzake katika chama waliona kofia mbili haziwezi kukaa katika kichwa kimoja, na uenyekiti ukamtoka. Haukupita mwaka, mwezi Desemba 2017, akajiunga na CCM.

Nakiri mbele yenu kwamba na mimi siku ile nilikuwa miongoni mwa waliotikisa kichwa. Nilisema, "Kumbe naye!" Lakini kadiri miaka inavyopita naona kwamba nilimlaumu mtu aliyekalia kiti, nikasahau kukiangalia kiti chenyewe.

Hebu tukiangalie. Wakati wa Mwingereza, jimbo liliongozwa na PC, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, serikali ya TANU iliwaondoa maofisa hao na kuweka wakuu wa mikoa wa kisiasa, ambao papo hapo walikuwa makatibu wa TANU wa mikoa yao. Sababu ilieleweka. Nchi ilikuwa changa, na Mwalimu alitaka maendeleo yasimamiwe na watu wenye moyo wa chama kilicholeta uhuru. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na kiti kile kikazidi kukomaa: mguu mmoja serikalini, mguu mwingine kwenye chama.

Mwaka 1992 tukarudisha mfumo wa vyama vingi. Tulibadili sheria za vyama na za uchaguzi, lakini kiti cha mkuu wa mkoa hatukukigusa sana. Mpaka sasa mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, husimamia utekelezaji wa ilani ya chama kinachotawala, na kwa desturi huketi katika Kamati ya Siasa ya CCM ya mkoa wake. Papo hapo ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, ambayo shughuli zake huigusa mikutano ya vyama vyote. Sasa mtu wa upinzani akiwekwa hapo, afanyeje? Akae katika Kamati ya Siasa ya chama ambacho si chake? Ama asikae, kisha aulizwe ilani anaisimamiaje? Kiti cha namna hii humvuta mkaaji wake polepole, mpaka siku moja anajikuta amekwisha vaa sare.

Wenzetu wanafanyaje? Chukueni nchi ndogo ya Uholanzi. Ina mikoa kumi na miwili, na kila mkoa una kamishna anayeteuliwa na serikali, kama ilivyo kwetu. Tofauti ni kwamba baraza la mkoa ndilo linalopendekeza jina, na makamishna hao hutoka vyama mbalimbali, vikiwemo visivyomo serikalini. Anayeteuliwa hubaki na kadi yake, na hakuna anayemwita msaliti.

Aidha, wadogo wana nafasi yao bungeni. Nchi hiyo ina mwanamama mwanasheria, Marianne Thieme, aliyeshiriki mwaka 2002 kuanzisha chama cha kutetea wanyama. Watu walicheka huko nako. Mwaka 2006 chama chake kilipata chini ya asilimia 2 ya kura, lakini kwa kuwa viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, kikapata viti viwili kati ya 150, na Thieme akakaa bungeni mpaka 2019. Kwetu, mwaka 2015, ACT-Wazalendo ilipata zaidi ya asilimia 2 ya kura za ubunge nchi nzima, ikaambulia jimbo moja tu, la Kigoma Mjini. Viti maalumu haikupata, maana sheria inadai asilimia 5. Kwa hesabu ya Kiholanzi, chama cha Mama Mghwira kingekuwa na kundi dogo bungeni, na yeye angeweza kuitumikia nchi kwa elimu yake bila kuomba hifadhi kwa mtu.

Sisemi tuige kila kitu cha Ulaya. Wala sisemi kwamba Mama Mghwira hakuwa na hiari. Alikuwa mtu mzima, na uamuzi ulikuwa wake. Ninachosema ni kwamba nchi ilimwekea milango miwili tu: abaki nje na elimu yake, au aingie ndani aache kadi yake mlangoni.

Aliitumikia Kilimanjaro kwa karibu miaka minne. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipanga upya wakuu wa mikoa, na Mama Mghwira akapumzishwa. Katika orodha hiyohiyo lilikuwamo jina la Queen Sendiga, mgombea urais wa ADC mwaka 2020, aliyepelekwa Iringa. Yaani njia aliyoitangulia mama wa Singida ilikwisha pata mpita njia wa pili. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Julai 2021, Mama Mghwira alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 62.

Ndugu wasikilizaji, Wanyaturu wa Singida wanamkumbuka Liti, mwanamke ambaye simulizi zao husema aliwapiga Wajerumani kwa makundi ya nyuki. Mkoa huo basi haukuanza jana kuwa na wanawake wasioogopa. Aliyesimama peke yake kati ya wanaume saba mwaka 2015 alistahili kukumbukwa kwa zaidi ya swali la kadi gani alikufa nayo.

Rais yeyote akimteua tena mpinzani, tusiharakishe kumshangilia wala kumzomea mteuliwa. Tuulize kwanza: je, kiti anachopewa ni cha wananchi wote, au kina rangi ya chama? Kama kina rangi, tukipake upya kwanza. Vinginevyo tutaendelea kuwalaumu wakaaji, na kiti kitabaki kilekile.

Kwa leo naishia hapo.