Vindege visivyo na injini, kamba, na mwaka 1977

Leo siandiki habari za boom wala foleni ya kantini. Nataka tuongee historia ya mchezo ambao wengi hapa kampasi hawajawahi hata kuusikia: mashindano ya vindege visivyo na injini, vinavyoongozwa kwa rimoti. Jamaa mmoja wa hosteli kaniambia hayo ni mambo ya watoto wa Kizungu, hayatuhusu. Subirini kidogo.

Kanuni zake zinatungwa na FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga lililoanzishwa mwaka 1905. Daraja linaloheshimika sana linaitwa F3B. Kindege kimoja, kazi tatu: kukaa hewani dakika 10 na kutua kwenye alama, kwenda na kurudi mara nyingi uwezavyo kati ya mistari miwili iliyoachana mita 150, ndani ya dakika 4, halafu kupita umbali huohuo mara 4 kwa spidi yako yote. Utamu uko hapo, maana kindege chepesi kinachoelea vizuri hakina spidi, na kile kizito chenye spidi kinawahi kushuka.

Sasa, mashindano ya kwanza ya dunia ya F3B yalifanyika mwaka 1977. Wapi? Afrika Kusini! Kwa Kaburu mwenyewe.

Jamani, hebu tukumbushane. Juni 1976 watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Mwezi uliofuata nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu. Filbert Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. Dhahabu ikaenda kwa John Walker wa... New Zealand. Inauma mpaka leo. Mwaka uliofuata wenye vindege wakafunga mizigo, wakaenda kurushana huko huko, na Mmarekani Skip Miller akatoka bingwa wa dunia.

Mimi naona mchezo mdogo una raha ya kutotazamwa. Hakuna uwanja wenye mashabiki elfu 80, kwa hiyo hakuna wa kuuliza umekwenda kucheza kwa nani. Anayesema michezo ya anga haina siasa, amuulize Bayi kama mbio zilikuwa na siasa.

Haya, turudi kwenye kanuni, maana huko nako kuna vita. Kindege hakina injini, kitapandaje? Kwenye F3B kinavutwa kwa kamba na winchi ya umeme, kinapanda kama tiara. Kamba ya nailoni inanyumbuka kama mpira wa manati, kwa hiyo mwenye winchi kali alipata kimo cha bure. Ikabidi kanuni iweke kikomo cha nguvu ya winchi, na mitambo ipimwe.

Likaja daraja la F3J: winchi marufuku, wavute binadamu wawili wakikimbia na kapi. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yakafanyika Uingereza mwaka 1998. Mnadhani usawa ulipatikana? Wapi! Timu zikatafuta vijana wenye mapaja kama ya wacheza raga. Tena mkipewa dakika 10 za kazi, kila sekunde kwenye kamba ni hasara, kwa hiyo wavutaji wanalipuka kama Bolt.

F5J ndiyo ikaikata kamba kabisa. Unaruhusiwa motor ndogo ya umeme, isizidi sekunde 30, na ndani ya kindege kuna kifaa kinachorekodi kimo. Kila mita inakukata nusu pointi mpaka mita 200, ukizidi hapo ni pointi 3 kwa mita. Mashindano ya dunia yakaanza 2019, Slovakia. Kimo ambacho wenzao walikipigania kwa winchi na misuli, hawa wanakilipia.

Ndiyo maana wajanja wanazima motor chini ya mita 100, macho yakitafuta mwewe anayezunguka, dalili kwamba pale kuna hewa ya moto inayopanda. Wakiikosa, dakika chache tu kindege kiko kwenye nyasi, na raundi hairudiwi.