Kigoda cha Gogo Moja: Historia ya Kiti cha Nakuru

Kabla msumari haujafika, kulikuwa na tezo. Katika nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Nakuru, kiti cha mzee kilitoka ndani ya gogo moja, kikalio na miguu vikiwa mwili mmoja, bila gundi wala kiungo. Wakalenjin hukiita ng'echeret. Wakikuyu wana njung'wa, kigoda cha miguu mitatu. Mitatu inatosha, kwa kuwa haiyumbi hata sakafu ya udongo ikiwa na mabonde. Mzee akiitwa barazani alikwenda na kigoda chake mwenyewe.

Mti uliopendwa ni ule Waswahili wanaouita mringaringa, Wakikuyu muringa na Wakipsigis samutet. Huo huo ulichongwa mizinga ya nyuki. Ni mti mnene usio mgumu kwa tezo. Samaki mkunje angali mbichi, na gogo pia huchongwa likiwa na maji yake. Shoka hutoa umbo, kisha tezo huingia kutenganisha miguu. Kikalio ndicho kazi yenyewe: fundi hukichimba kwa mapigo madogo akizunguka, mpaka kinapata bonde jepesi la kumpokea anayeketi. Akizidisha kina, kikalio hupasuka. Akiogopa, anabaki na kigoda kizito kisichobebeka. Baada ya hapo ni kivuli, mafuta na subira, kwa sababu gogo likikaushwa kwa haraka hupasuka.

Mwaka 1900 reli ilifika Nakuru, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Nyuma ya reli walikuja maseremala wa Kihindi, na walowezi wa Kizungu waliotaka viti vya mezani vyenye egemeo. Randa na patasi zikachukua nafasi ya tezo. Sasa kiti kilijengwa kwa vipande: ulimi wa ubao huu ukaingia katika tundu la ubao ule. Vijana Waafrika waliobeba mbao na kushika taa karakanani wakaiba ujuzi kwa macho, kisha wakawa mafundi wenyewe.

Ujuzi huo ulikula msitu. Viwanda vya kupasua mbao vilisimama Elburgon, Molo na Maji Mazuri, vikianza na mitarakwa na mipodo ya asili, huku garimoshi nalo likila kuni. Mahali pa miti iliyoanguka serikali ya kikoloni ilipanda saiprasi na misonobari kwa mtindo wa shamba: familia za vibarua zililima mahindi na viazi katikati ya miche, zikaitunza, kisha zikahamishwa miti ilipofunga kivuli. Kwa hiyo waliopanda saiprasi ya msitu wa Mau wengi wao ni watu waliokuwa wameacha vigoda vya wazee wao vijijini.

Saiprasi iliiandika upya kazi ya seremala. Hunyooka, hukomaa kwa miaka kama 30, hupasuliwa vizuri kuwa mbao. Lakini ina vifundo vingi, na haina utulivu wa muringa mbele ya tezo. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, nyumba mpya zikajengwa, na kila sebule ikataka makochi. Mafundi wa jua kali, ambao serikali iliwaandikia sera yao mwaka 1992, wakawa wajenzi wa fremu za saiprasi zinazofunikwa sponji na kitambaa. Mnunuzi hugusa kitambaa, akauliza bei. Mti hauoni tena.

Kisha mti wenyewe ukaadimika. Mwaka 1999 ukataji katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kampuni chache kubwa. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zilimegwa kwa ajili ya makazi. Februari 2018 marufuku nyingine ilitangazwa, na viwanda vya Elburgon na Molo vikanyamaza. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa akiwa Molo kwenyewe.

Katika mabishano hayo yote juu ya mbao, hakuna aliyeutetea muringa. Kigoda kilikwenda makumbusho na kwenye vibanda vya watalii kando ya barabara. Husemwa kwamba vijana wamesahau ufundi. Sikubali. Fundi anayeweza kuchonga waridi kwenye egemeo la kochi hashindwi kuchimba kikalio. Anachokosa ni gogo: yadi humuuzia mbao za inchi mbili, na kigoda hakitoki kwenye ubao.

Kwa hiyo kaunti ikizungumzia kufufua sanaa za jadi, isianze na semina wala maonyesho. Ianze na vitalu vya miche. Na wewe msomaji mwenye shamba Njoro, Subukia au Bahati, kando ya safu yako ya mikaratusi acha nafasi ya miringa miwili mitatu. Wewe hutakikalia kigoda chake, ila atakayekikalia atajua kilitoka wapi.