Kimulimuli cha Kitale na Vimelea Vilivyojificha Ngozini

Ukisikia kimulimuli unafikiria nini? Wengi wenu mtasema ile taa ya gari la polisi. Mimi nafikiria chupa ya jemu. Nimekulia Kitale, na jioni mvua ikikatika tulikuwa tunakimbiza vimulimuli kwenye nyasi kando ya shamba la mahindi. Tukivishika tunavitia kwenye chupa, tunalala navyo. Asubuhi vimekufa, na mwanga umeisha.

Hiyo ya mwisho ndiyo nataka uikumbuke: kilichokufa hakiwaki.

Likizo nilikuwa napelekwa Bungoma kwa kukhu. Huko story ilikuwa mbung'o. Kukhu alitusimulia ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zikahesabika, wakafa kwa nagana. Pia alisimulia kuhusu jirani aliyeanza kusinzia mchana na kuongea ovyo. Watu wakasema amerogwa. Kumbe ni malale. Alifikishwa hospitali akiwa amechelewa, akafa. Sikujua kwamba story ya chupa na story ya mbung'o zitakuja kukutana.

Twende polepole. Miaka ya 1880, Mfaransa Raphaël Dubois alionyesha kwamba mwanga wa viumbe wanaowaka unatokana na vitu viwili vikikutana: lusiferini, ambayo ni kama mafuta ya taa, na lusiferasi, kimeng'enya kinachoiwasha. Mwaka 1947, huko Baltimore, Marekani, William McElroy akagundua kwamba bila ATP, ile molekuli ya nguvu mliyoisoma kwenye Biolojia, kimulimuli hakiwaki. Alihitaji wadudu wengi sana, basi akawalipa watoto senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Wasee, watoto wa Baltimore walilipwa kufanya kile sisi tulifanya bure!

Sasa ndiyo unaelewa ile chupa. ATP inatengenezwa na seli iliyo hai. Seli ikifa, hakuna ATP, hakuna mwanga.

Mwaka 1985 Marlene DeLuca na wenzake, California, wakaitoa jeni ya lusiferasi kwenye kimulimuli na kuinakili. Maana yake, mwanga ungeweza kuhamishiwa seli nyingine. Mwaka 1995 Christopher Contag na wenzake wa Stanford walipiga picha za bakteria wa Salmonella wakiwaka ndani ya panya walio hai, ingawa hapo walitumia jeni za mwanga za bakteria. Mwaka 1999 wakaonyesha seli za saratani zenye jeni ya kimulimuli. Mwaka 2004 wakapandikiza seli mama za damu kwenye panya na kuona mwanga ukianza kwenye mfupa mmoja au wengu, ukikua, halafu ukihamia mifupa mingine.

Inafanyika hivi. Panya anadungwa lusiferini, anapewa dawa ya usingizi, anawekwa kwenye sanduku lenye giza totoro. Kamera iliyopoozwa sana inahesabu chembe za mwanga zinazopenya ngozi. Zamani, ukitaka kujua seli zimefika wapi, uliua panya kadhaa leo, wengine kesho, wengine wiki ijayo. Sasa panya yuleyule anafuatiliwa wiki nzima au zaidi. Panya wachache wanauawa, na unaona safari yote badala ya vipande vipande.

Haya, turudi Bungoma. Malale inaletwa na kimelea cha seli moja, trypanosoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na magharibi mwa Kenya haukupona. Kwa miaka yote hiyo madaktari walikitafuta kimelea kwenye damu, na kwenye maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2016, timu ya Annette MacLeod, Glasgow, ilichapisha utafiti wa panya walioambukizwa trypanosoma zinazowaka. Mwanga ulitoka wapi? Kwenye ngozi. Vimelea vilikuwa vimejaa pale, hata pale ambapo damu ilionyesha vichache mno, na mbung'o waliweza kuvinyonya hapo. Kisha wakachunguza vipande vya ngozi 1,121 vilivyohifadhiwa huko Congo, vya watu ambao hawakuwa wamepimwa na kukutwa na malale. Sita vilikuwa na trypanosoma.

Sita ni kidogo, utasema. Lakini hao ni watu ambao hakuna aliyejua wanazo.

Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena Kenya. Kisa cha mwisho cha maambukizi ya mwenyeji kiliripotiwa 2009. Nilifurahi, kwa sababu ya kukhu. Ila tusilewe sifa. Aina ya malale ya Congo si hii yetu, na hii yetu inajificha pia ndani ya ng'ombe na wanyama pori. Ule mwanga umetufundisha kwamba damu safi haimaanishi mwili safi. Kuacha kupima mifugo na kutega mbung'o kwa sababu tumepewa cheti ni kulala kwenye nyasi yenye nyoka.

Na hili linaniuma: jirani ya kukhu alikufa hapa Bungoma, ngozi ilitoka Congo, lakini picha ilipigwa Glasgow. Watafiti tunao, Muguga wamefanya kazi ya trypanosoma tangu enzi za KETRI. Kinachokosekana mara nyingi ni vifaa, na vijana wanaoamini kwamba hii ni kazi yao.

Kwa hivyo wewe uliye sekondari, unayeona ATP ni herufi tatu za kukariri: jioni toka nje, shika kimulimuli kimoja, kiangalie vizuri. Halafu kiachilie. Kikiwa hai ndiyo kinawaka.